Koti Nililosema Sina

Sanduku lilikuwa la bluu, jipya, la magurudumu manne, na magurudumu yale yalinikera kabla ya kitu kingine chochote. Siyu, mji wa kisiwani, hakuna mahali pa kuvuta sanduku la magurudumu. Vichochoro vyetu ni mchanga na mawe ya kuta zilizoanguka, na mizigo huenda juu ya punda. Lakini sanduku lilikuwa limekwishafika, limelazwa wazi juu ya kitanda cha mama mwenye nyumba, na mimi mpangaji nilikuwa nimeitwa kutoka chumbani kwangu nije niseme nini kiingie na nini kibaki.

Niliitwa kwa kuwa nimezaliwa Kinangop. Kwa mama yule, baridi ilikuwa taaluma yangu ya pili baada ya ualimu.

"Wewe ndiwe ulotoka nti ya baridi," aliniambia. "Keti hapa utuambie."

Nikaketi. Mbele yangu, juu ya mkeka, binti yake alikuwa anakunja leso. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mimi thelathini na tisa. Sote wawili tulifundisha Kiswahili katika shule moja, tukienda pamoja asubuhi na kurudi pamoja saa kumi; aliniita dada, na nilimpenda. Nalitaja hilo mapema kwa sababu yanayofuata hayatalionyesha. Siku ile nilimwonea wivu hadi meno yakaniuma.

Tangazo la kazi nililiona mimi. Chuo kimoja Ujerumani kilitaka mwalimu wa Kiswahili kwa mwaka mmoja, kuanzia Januari. Nikamwonyesha, na sikumwonyesha kwa wema. Nilimwonyesha kwa kiburi cha mtu anayejua atashinda. Yeye alikuwa na miaka minne ya ualimu, mimi kumi na minne. Nilimsaidia hata kunyoosha barua yake ya maombi. Tulihojiwa kwa simu siku moja, juu ya paa, mahali pekee ambapo mtandao hautoroki. Mimi nilieleza malengo ya somo na mbinu za kufundishia, vizuri kabisa, bila kugugumia. Yeye aliulizwa kama ana la kuongeza, akawaigizia mama yake akigombana na muuza samaki, sauti zote mbili. Nilikuwa ngazini nangoja, na nilisikia wale Wajerumani wakicheka.

Barua pepe zilikuja baada ya wiki tatu. Yake ilisema amechaguliwa. Yangu ilinishukuru, ikasifu uzoefu wangu, kisha ikasema kwamba mimi ndiye ninayefuata kwenye orodha, na endapo aliyechaguliwa atashindwa kusafiri, nitaarifiwa mara moja. Sentensi ile niliisoma mara nyingi kuliko aya yoyote ya Biblia.

Watu walisema ni haki, kazi imemwendea mwenye lugha yake. Hata mwalimu mkuu, mtu wa bara kama mimi, alisema hivyo. Mimi Kiswahili nilikitafuta kwa kamusi na kwa viboko, nikakesha nacho chuoni, nikakipenda kuliko hata lugha ya mama yangu. Yeye alikikuta nyumbani kama maji ya mtungini. Sasa nilikuwa nimekaa kitandani kwao, natakiwa nimfungie mizigo.

Mama alikuwa na mpango wake tayari. Leso doti sita. Mswala. Udi na marashi. Mafuta ya habasoda kwa ajili ya mafua. Pakiti mbili za halua. Chupa ya achari ya maembe iliyofungwa kwa nailoni mara tatu. Ng'onda, yule samaki wa kukaushwa, ambaye nilimtoa, akarudishwa, nikamtoa tena, akarudishwa tena. Kisha akatoka jikoni na mbuzi ya kukunia nazi, kigoda kizima na ulimi wake wa chuma.

"Mama, Ujerumani hakuna minazi," nikamwambia.

"Nti haina nazi, watu hula nini?"

"Viazi."

Alimtazama binti yake kwa huruma ya kweli, kana kwamba nimetaja ugonjwa. Kisha akaiweka mbuzi katikati ya sanduku na kuifunika kwa leso.

Ndege iliruhusu kilo ishirini na tatu. Mizani tuliyoijua ilikuwa ya mnunuzi wa samaki kule bandarini, ile ya kuning'iniza kwa ndoana. Sanduku likapanda punda, sisi watatu nyuma yake. Mnunuzi alipangusa magamba kwenye ndoana kwa heshima ya safari, akalitundika.

"Ishirini na saba na nusu," alisema. "Kamba wa ukubwa huu sijapata kumnunua."

Binti alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nilitabasamu. Nilikuwa nawaza kwamba hata vitu vya kuchekesha sasa vinamtokea yeye, na kwamba atavisimulia huko na watu watampenda. Tukarudi nyumbani, mbuzi ikatolewa kwa mabishano, ng'onda akatolewa bila mabishano, na mama akakaa chini akapumua.

"Sasa tuambie baridi yenyewe," alisema. "Ikoje?"

Hapa ndipo ningeweza kujibu kama mtu. Nilimweleza kuhusu kwetu mwezi wa Julai, majani yakiamka meupe kwa barafu, viazi vikiungua shambani vikawa vyeusi, na mikono ya watoto ikipasuka damu. Nikamwambia hayo ni ya kwetu, nchi ya jua, huko aendako ni mara kumi. Nikamwambia pua hufa ganzi, na mtu akilala nje huokotwa asubuhi amekauka. Kila neno lilikuwa kweli. Nilichagua ya kweli yanayotisha nikaacha ya kweli yanayotuliza. Kwamba nyumba zao zina joto usiku kucha, na mabasi yao, na madarasa yao, sikusema.

Mama aligusa sweta tatu zilizokuwa juu ya mswala. "Na hizi?"

"Hazitoshi. Lazima awe na koti zito."

"Koti hupatikana wapi?"

"Nairobi," nilisema. Na Nairobi asingepita ila uwanja wa ndege. Angeshuka kutoka ndege ya Manda, kiwanja cha ndege cha visiwani, na kupanda nyingine baada ya saa mbili. Amu, mji wetu wa karibu, madukani huuzwa feni. Mshahara wake wa kwanza ungetoka mwisho wa mwezi. Yote hayo tuliyajua sote watatu.

Mama akanigeukia. "Na wewe, mwalimu? Wewe wa kwenu kwenye baridi. Huna la kumuazima?"

"Sina," nikasema.

Lilitoka bila kusitasita, kama jibu la jina langu. Mama aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaanza kuzitoa leso sandukuni, moja moja.

"Basi hendi," alisema. "Mwanangu hafi na baridi kwa kazi ya watu. Waandikie uwaambie hendi."

Baba mtu alikwishafariki, na katika nyumba ile neno la mama halikuwa na rufaa. Nilingoja binti alie au abishe. Alikuwa ameinua leso nusu njia, akaikunja yote, akaiweka chini, akasema, "Hewala, mama." Mashua ya kumpeleka Amu ilikuwa ya Alhamisi maji yakijaa, na hiyo ilikuwa Jumanne alasiri.

Nilifurahi. Nimejaribu miaka hii kutafuta neno jingine na sijalipata. Nilitoka pale, na nikivuka ua lile dogo kutoka mlango wao hadi mlango wangu nilikuwa nimekwisha kujiona nasimama mbele ya darasa la vijana wenye nywele za njano.

Koti lilikuwa chini ya kitanda changu, ndani ya gunia la sukari, ndani ya sanduku la bati. Nililinunua Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, miaka minne kabla, nilipoorodheshwa kwa kazi nyingine kama hiyo, ya Marekani. Niliamini nimeipata, nikanunua koti kabla ya jibu: la sufu, la kijani kizito, lenye bitana na vifungo vinene. Jibu lilipokuja sikuwa na uso wa kumwambia mtu kwamba nilikwishajinunulia koti. Nikalificha, na tangu hapo sikulifungua. Kulitazama kulikuwa kunaniuma.

Siku ile nililitoa. Nilitaka kulijaribu, hakuna sababu nyingine. Nilifunga mlango, nikafungua gunia, nikategemea nikute ukungu, maana Siyu hakuna kinachopona: viatu vyangu vya ngozi huota nywele za kijani kwa mwezi mmoja, na Biblia yangu imevimba. Koti lilikuwa kavu. Lilinukia udi. Nilipotia mikono mifukoni vidole viligusa vidonge vya naftalini, vinne kila upande, vyeupe, vizima, vimefungwa ndani ya vipande vya leso kuukuu.

Mimi sikuwahi kuweka naftalini.

Niliketi kitandani nikiwa nimelivaa, jasho linanitiririka. Kila nikienda likizo nyumbani, ufunguo wa chumba humwachia yule binti, anifagilie na kufungua dirisha hewa ipite. Kila likizo, basi, alikuwa amelitoa koti hili, akalianika, akalifukiza udi, akalirudisha kwenye gunia lake na kulifunga fundo langu lile lile. Hakuwahi kuniuliza ni la nini. Labda alikisia.

Na alikuwa ameketi pale kwenye mkeka, hatua mbili kutoka kwangu, niliposema sina.

Angeweza kunitazama tu. Angeweza kusema neno moja, na mama yake angekuja mwenyewe kuvuta lile sanduku la bati. Alikunja leso yake akakubali kubaki. Nilijaribu kumkasirikia, kwa kuingia katika vitu vyangu, kwa kunyamaza, kwa kuniachia mimi uamuzi nisioutaka. Hasira haikushika. Nililia kidogo, na sehemu ya kilio kile ilikuwa ya Ujerumani, sitaki kudanganya.

Asubuhi ya Jumatano nilivuka ua na koti mkononi. Sikulitoa kwa wema. Nililitoa kwa sababu nilikuwa nimejulikana, na nisingeweza kutembea naye njia ya shule miaka mingine mitano nikijua anajua. Mama alikuwa anapepeta mchele. Alilitazama koti, akanitazama mimi, na mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Jana ulisema huna," alisema.

Nikalishika koti kwa mikono yote miwili.

"Hakuwa nalo, mama," binti alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika ufagio. "Ni la nduye aliye Amu kwa kazi. Jana nimemuomba dada ampigie simu, nalo limekuya na mashua ya alfajiri."

Sina ndugu Amu. Alilisema hivyo taratibu, akiendelea kufagia kizingiti, kama mtu anayetoa habari za soko. Kisha akaweka ufagio, akaja, akalichukua koti mikononi mwangu na kulivaa juu ya dera lake. Akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Mikono ilikuwa mirefu kwake, akaikunja.

"Lanitosha, dada," alisema.

Nilingoja jicho lake. Nilikuwa tayari kwa lawama, nilikuwa nazitaka, ningepata pa kuanzia. Alinitazama kama alivyonitazama kila asubuhi tukienda shule.

Mama aliinuka na unga wa mchele mikononi, akanishika vidole vyote kumi. Akaniombea. Akamwomba Mngu anipe safari yangu, anifungulie ndia, asininyime kwa vile mimi sikumnyima mwanawe. Aliomba kwa sauti, kwa muda mrefu, na binti aliitikia amina kila mahali pa kuitikia, ndani ya koti, jasho likimtoka usoni.

Nami niliitikia. Nilimtazama akisema amina kwa ajili yangu na nikahisi wivu unanipanda upya, mkali kuliko wa jana. Kazi ningeweza kuiomba tena mwakani. Moyo uliosema uongo ule kwa ajili yangu sikuwa nao, na sikujua huombwa wapi.