Yaya Safi na Ramani Isiyo na Makaburi

Mkinisikia nikimsema yaya Safi kwa hasira, msishangae. Ni dada yangu mkubwa, tumbo moja, na nikimsifu tu bila kumkasirikia nitakuwa nasema uongo. Anashona nguo hapa mjini, mtaa wa Mangobo, zaidi uniforme za watoto wa shule. Akishaanza kitu, haachi. Ukimwambia apumzike anakuangalia kama umemtukana.

Kijiji cha wazee wetu kiko kwenye njia ya Bafwasende, kando ya mto mdogo. Huko ndiko tulikomzika mama, miaka tisa sasa. Sisi, Waislamu wa zamani wa huku, hatujengi kaburi kwa saruji wala kuandika jina. Tunapanda kichaka cha majani mekundu upande wa kichwa, basi.

Mwaka jana kampuni moja ikaomba kuchimba dhahabu pale. Sheria inataka kwanza wapime mazingira: maji, msitu, mashamba, makaburi. Bon, wakatuma habari kwamba wataalamu wanakuja. Tonton Yunus, mdogo wa baba yetu na mkubwa wa kijiji, akaona ni aibu wageni wakute magugu. Akaita vijana wenye mapanga, wakafyeka kila mahali hadi makaburini, vichaka vyekundu wakavikata vyote. Na akafagia! Jamani, alifagia! Wataalamu wakafika, wakasifu usafi, kisha kwenye ramani yao wakaandika kwamba pale ni shamba lililopumzishwa.

"Kwa nini hukuwaonyesha, tonton?" nilimuuliza.

"Hawakuniuliza. Na miye nitembeze wageni juu ya wafu? Ni heshima gani ile?"

Nililia mpaka macho yakavimba. Yaya Safi hakulia. Alikwenda kutoa fotokopi ya Code Minier, ile sheria ya madini, akaitandaza juu ya mashine ya kushonea. Kifaransa chake kiliishia darasa la sita, kwa hiyo alisoma polepole, huku wateja wakinung'unika mlangoni. Siku ya nne akapiga mstari kwa chaki ya kushonea, mahali panaposema kwamba ardhi ya makaburi haichukuliwi bila ruhusa ya wakubwa wanaohusika.

"Aïcha, kuja uone," akaniita. "Mama iko ndani ya sheria."

Alors, akaanza kupeleka barua. Ya kwanza ilirudishwa, haikuwa na muhuri wa chifu. Ya pili ikarudishwa, eti nakala hazitoshi. Ya tatu aliipeleka na kukaa kwenye benchi la ofisi siku tatu, mpaka mkaguzi wa mazingira, papa Timothée, akachoka kumruka kila akipita. Si mtu mbaya, mzee yule.

"Mama, ripoti inasema shamba, weye unasema makaburi," alimwambia. "Nionyeshe alama. Maoni ya wenyeji yanafungwa Ijumaa. Kisha hapo, hata mimi sitaweza kitu."

Alhamisi tukafika naye kijijini. Tonton Yunus akamwonyesha kwa kidole: hapa babu, hapa shangazi, hapa mama yao. Papa Timothée akatazama chini, akatikisa kichwa.

"Papa, miye naona udongo tu."

Tonton akateremsha kidole chake. Kwa mara ya kwanza nikamhurumia.

Yaya Safi akavua viatu. Kila mwaka kabla ya Ramadhani alikuja kusoma dua pale; hakuhitaji kichaka kujua mama alipolala. Akaomba jembe.

"Safi! Kaburi haifunguliwake!" tonton akapiga kelele.

"Sifungui, tonton. Nitafika kwa mbao tu."

Kwetu, maiti analazwa kwa ubavu chini kabisa ya shimo, anafunikwa kwa mbao, ndipo udongo unaporudishwa. Yaya alichimba. Shimo likamfika magotini, kisha kiunoni. Nami nilimchukia saa ile, sifichi. Nilimwambia, "Acha, yaya! Unamfukua mama yetu!"

Akasimama, jasho linamtiririka. "Kama si jembe yangu leo, kesho itakuwa mashine yao. Na mashine haitasimama kwenye mbao."

Akaendelea. Kisha tukasikia jembe limegonga kitu kigumu. Akalitupa nje, akapangusa udongo kwa ncha ya pagne yake, kitenge alichojifunga, polepole sana, mpaka mbao mbili zikaonekana, nyeusi, zimelala sambamba. Papa Timothée alipoinama kutazama, alivua kofia.

"Inatosha, mama. Toka."

"Haitoshi. Andika."

Akaandika palepale, amesimama. Yaya hakukubali kutoka shimoni mpaka amsomee. Akamsomea: eneo lote lile ni makaburi, limeonekana kwa macho, lisiguswe. Yaya akamwomba arudie, akarudia. Kisha chini ya karatasi papa Timothée akaweka sahihi yake na tarehe.

Hapo ndipo dada yangu alipochuchumaa, akaweka kiganja juu ya zile mbao.

"Mama, unisamehe," akasema. "Nimekusumbua." Na akalia kwa sauti, kama siku tuliyomzika.