Kijani Ambacho Kasongo Hakukiona

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, na ningekuwa na uwezo ningeisahau kabla ya nyingine zote. Nilikuwa kijana wa kutembea kifua mbele, mkuu wa kikosi cha wachimbaji nje kidogo ya Kolwezi. Mkuu wa kikosi tulimwita pedeje, na jina hilo lilinipanda kichwani kweli.

Kikosini alikuwamo Kasongo, kaka wa mke wangu. Chini shimoni hakuna aliyemfikia. Kwa mwanga hafifu wa taa zetu za kichwani, sote tulilijua jiwe la shaba kwa uzito wake, na mkono wa Kasongo haukukosea. Mgongo ulipoanza kumsumbua, nikampa kazi nyepesi ya juu: kuchambua kwa macho vipande vidogo vya malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, na kutupa mawe ya udongo mwekundu. Nilijiona nimemtendea wema.

Mnunuzi akaturudishia magunia, yamejaa mawe mekundu. Niliyamwaga chini mbele ya kikosi kizima, nikamwita Kasongo. Alichutama, akawa anayageuza mawe moja moja, jasho likimtoka.

"Mi niko naona yote sawa tu, bofrere," alisema, akiniita shemeji kama siku zote. "Siko nakudanganya."

Nilicheka, mwanangu. Nikamwambia anaiba malakiti na kujazia uchafu. Pale machimboni petu mwizi alivuliwa taa kichwani na pedeje, wenzake wakitazama, na baada ya hapo hakuna kikosi kilichompokea. Nilimvua taa kwa mkono wangu huu. Wiki ileile alihamia Kisenge na mkewe. Mke wangu akaacha kumtaja kaka yake nyumbani, nami, kwa upumbavu wangu, nikadhani amekubaliana nami.

Miaka ikapita. Mtoto wetu wa kwanza akataka kuendesha malori ya mgodi wa Fungurume, akatakiwa kupimwa macho. Walimwonyesha kurasa za vidoti vya rangi, asome namba zilizojificha humo, na nyingi hakuziona kabisa. Daktari, mama mmoja mpole, alitukalisha wote watatu, kijana na sisi wazazi wake. Alisema mwanga wa jua twauona mweupe, lakini umebeba rangi zote. Ukiliangukia jiwe la kijani, jiwe humeza nyingine na kurudisha zaidi kijani, na hicho ndicho kinachoingia jichoni. Nyuma ya jicho zipo chembe ndogo za aina tatu, kila aina ikiitikia zaidi sehemu yake ya mwanga. Ubongo hulinganisha habari zao, ndipo tunasema hiki kijani, hiki chekundu. Aina fulani ikikosekana au ikiwa na hitilafu, rangi hizo mbili huweza kufanana. Na penye giza, alisema, chembe hizo hazimsaidii mtu yeyote. Nikakumbuka shimo letu, ambamo sote tulichagua mawe kwa uzito, si kwa rangi.

Akaongeza kwamba mara nyingi mtoto wa kiume huyapata macho hayo kupitia kwa mama yake. Akauliza kama upande wa mama yupo mwanaume wa namna hiyo. Mke wangu hakumtazama daktari, alinitazama mimi.

"Kaka yangu," alisema. "Ule ulimufukuzaka."

Niliona aibu hadi nikashindwa kuinua uso. Tulikwenda Kisenge. Kasongo alitupa viti, mkewe akatupikia bukari, ugali wetu, kama wageni wa heshima, na hilo liliniumiza zaidi. Nilipopiga magoti aliniinua, akasema alikwisha kunisamehe kwa ajili ya dada yake. Alikuwa na ombi moja tu.

"Ulinitukanaka mbele ya batu. Unisafishe mbele ya batu balebale."

Nimewatafuta watu wa kikosi kile. Tulikuwa kumi na wanne, nimewapata sita na kuwaambia ukweli. Wengine wamekufa, wengine sijui waliko, na kwa hao Kasongo ni mwizi mpaka leo.

Mwanangu, jicho lako si la mwenzako. Akikuambia haoni unachokiona wewe, keti naye umuulize kabla hujamhukumu. Na usimwaibishe mtu hadharani, kwa sababu watu huondoka na neno lako, nawe hutawapata wote ulirudishe. Mungu akupe subira niliyoikosa, akuepushe na aibu hii ninayozeeka nayo. Na popote utakapokutana na mtu aliyechimba nasi miaka ile, mwambie Kasongo hakuiba hata jiwe moja.