Zambeta Juu ya Mapaa ya Skepari

Mzee Antzoulis hakutaka mwanawe aoe binti wa bandarini, na hakuficha. "Huyo ananuka samaki," alisema mbele ya wageni siku ya harusi, na Zambeta, bibi harusi, akasikia.

Watu wa Skepari, kijiji cha mlimani juu ya bandari, ndivyo walivyokuwa. Mababu zao walipanda mlimani kuwakimbia maharamia, wakajenga kwenye kikunjo cha bonde, mahali ambapo aliye baharini haoni hata moshi. Nyumba zilishikana mgongo kwa mgongo, na ukuta wa nyuma wa kila nyumba ndio uliokuwa ngome. Lango lilikuwa moja tu, limepita chini ya nyumba ya kasisi. Miaka mia tatu baadaye maharamia hawakuwapo tena, lakini hofu ya bahari ilibaki.

Asubuhi moja ya Julai, Zambeta alikuwa nje ya lango, kwenye matuta ya mawe, akichuma kapari, vitumba vya maua vya kutia kwenye siki, kabla jua halijawa kali. Ghafla ardhi ikanguruma kama lori linalopanda kilima, ikamtupa chini kifudifudi. Alipoinua kichwa, watu walikuwa wanamiminika langoni wakisukumana, wengine na nguo za kulalia.

Akawakagua nyuso. Mumewe Nikitas alikuwa baharia, yuko kwenye meli za mbali. Baba mkwe alikuwa kitandani tangu majira ya baridi, nyonga imevunjika.

"Mzee wangu nani kamtoa?" akauliza. "Jamani, nani kamtoa mzee?"

Kumbe kila mtu alidhani mwingine kamtoa. Ardhi ikatikisika tena, na tao la lango likaporomoka lote. Vumbi lilipotulia, mahali pa kupita palikuwa rundo la mawe.

Fragiskos, mwenye punda, rafiki wa Nikitas, akamshika mkono. "Tulia, shemeji. Askari watapanda kutoka bandarini."

"Watafika lini? Jioni?"

"Mzee mwenyewe hata salamu hakuitikii!"

"Asiitikie. Nikitas akirudi nimwambie nini? Kwamba nilikaa hapa nachuma kapari? Niletee ile ngazi ya kuchumia tini, na kamba zako zote."

Ngazi haikufika juu. Zambeta akashika ukingo wa paa kwa vidole, akajivuta huku magoti yakichunika. Mapaa ya Skepari yalikuwa bapa na yameungana, kwa sababu zamani lango likivunjwa watu walikimbilia huko. Akapita akiinama, udongo ukimong'onyoka chini ya nyayo, hadi paani kwao, akashuka kwa ngazi ya ndani.

Mzee alikuwa amejifunika shuka hadi kidevuni, nywele zimejaa chokaa. Ufa wa upana wa mkono ulikuwa umeshuka ukutani hadi kitandani kwake.

"Umefuata nini hapa?"

"Nimekufuata wewe, Baba."

"Mimi nimekula chumvi nyingi. Niache na nyumba yangu."

"Ukitaka kugomba, tutagombania nje. Nikumbatie shingoni."

"Sibebwi na mwanamke!"

"Basi piga kelele, labda atasikia mwanamume." Akamfunga mgongoni kwa shuka, kama mtoto. Mzee akalia kwa maumivu ya nyonga, lakini mikono yake ikamshika shingo barabara.

Juu ya paa mzee alianza kuongea sikioni mwa Zambeta, haraka haraka. "Kanyaga juu ya ukuta, si katikati. Katikati ni matete tu. Kwa Markoulia usipite! Boriti zake zimeoza, bahili yule hakuwahi kubadilisha hata moja."

Wakazunguka kwa Markoulia. Walipofika nyumba ya mwisho, mlima ukatikisika mara ya tatu. Zambeta akalala kifudifudi juu ya ukuta, mzee mgongoni. Nyuma yao paa la Markoulia likadidimia lote, na vumbi likawafunika. Zambeta alisikia moyo wa mzee ukigonga mgongoni mwake.

"Shemeji! Kamba!" Fragiskos akapiga kelele kutoka chini.

Walimteremsha mzee kwanza, kisha yeye. Kabla ya adhuhuri nyumba yao ikaanguka.

Serikali ikakataza watu kurudi juu. Skepari nzima ikahamia bandarini, kwenye mahema, kisha kwenye nyumba za saruji kandokando ya maji. Mzee Antzoulis aliishi huko majira mawili ya baridi. Hakuwahi kusema asante, ila kinyozi alipoletwa kumnyoa, alimfukuza na kudai wembe apewe mkamwana.

Zambeta alizeeka hapohapo bandarini, mwanamke mcheshi, mpenda karata. Lakini lori likipita barabarani na vikombe vikigongana kabatini, aliacha kila kitu, akavuta mtoto yeyote aliyekuwa karibu, akatoka nje. Wajukuu walicheka. Yeye alisimama palepale uani, amewashika mikono, mpaka vikombe vinyamaze.