Drapo ya Papa, Lanje ya Mutoto

Mujukuu wangu alirudi kutoka université na karatasi tatu zimejaa majina. Anasoma droit, sheria, huyo mutoto, na nakwambia bila haya kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyefika pale yeye amefika. Mimi niliishia mwaka wa nne wa primaire. Akatupa karatasi mezani, karibu aziweke ndani ya mboga.

"Koko, mwalimu ametuomba tuandike vyama vyote vya siasa vya inchi hii. Mukono unauma. Naandika kimoja, wananiambia kimegawanyika, vimekuwa viwili."

"Andika vyote viwili."

"Na wewe, koko, chako ni gani?"

Nilikuwa nachambua mboga ya lenga-lenga. Mikono ilisimama yenyewe. Nilienda chumbani, nikavuta sanduku la bati chini ya kitanda, lile la mama, na nikatoa vitambaa viwili. Kimoja cha kijani, kikubwa. Kingine kidogo, bluu iliyofifia hadi kufanana na maji ya kufulia. Wewe uliyekulia Bukavu nyakati zile, cha kijani utakijua kabla sijakikunjua. Cha bluu, acha nikuelezee.

Tulikaa kwenye mulima juu ya Nyawera, nyumba ya matofali mabichi, manjanja, yaani mabati, juu, ua wa miti mifupi kuzunguka. Mvua ikinyesha juu ya yale manjanja, hata ukipiga kelele hausikiwi. Asubuhi unasikia kengele ya misa, halafu wamama wanaopanda na mabeseni ya sambaza wakiita, na harufu ya samaki inaingia nyumbani mbele ya muuzaji. Papa alikuwa muashi. Alijenga nyumba za wakubwa kule Nguba, karibu na ziwa, nyumba zenye vyoo viwili, halafu jioni anarudi kwetu penye choo ni kimoja kwa familia tatu. Alikuwa mutu wa maneno machache.

Mama alikuwa mutu wa kucheza. Wakati ule inchi nzima ilikuwa na parti moja tu. Hukuingia, ulizaliwa ndani. Tumbo la mama yako lilikuwa tayari ndani ya parti, na wewe umo. Na parti ilitaka watu waicheze: wanawake wa avenu wanapanga mistari, wanaimba sifa za Raisi, wanatikisa kiuno. Tuliita animasio. Mama ndiye alikuwa mbele ya mustari, na nakwambia, hata wale waliochukia ile parti walikuja kumuangalia mama.

Kikwembe cha kuchezea kilikuwa kile cha kijani, na uso wa Raisi mukubwa katikati. Kilikuwa na sheria zake. Mwanamuke akijifunga, uso uwe tumboni ao mugongoni, usifike matakoni, asije akaukalia. Ukikifua, unakianika kwanza, kichwa juu, na hakuna nguo nyingine inayokigusa. Hiyo nilifundishwa kabla ya sala ya Baba Yetu.

Aliyeangalia yote alikuwa shefu wa avenu, muzee mwenye tumbo, kofia, na kijidaftari. Kila posho, yaani Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara na kuchimba mifereji, alipita nyumba kwa nyumba kuona nani amekwepa. Alikuwa anaingia bila kupiga hodi. Kulikuwa na papa mumoja wa avenu ya chini, alisema neno juu ya Raisi akinywa kasiksi, pombe ya ndizi. Posho ile shefu aliandika jina lake, siku ya kwanza, Jumatatu, gari lilikuja kumuchukua. Bibi yake alingoja, bwana hakurudi. Tulipokuwa tunapita pale, mama alinishika mukono kwa nguvu.

Posho moja, nilikuwa na miaka tisa, mama alienda kufanya mazoezi ya animasio, papa alienda kazini. Mimi nilibaki na mudogo wangu, mutoto wa miezi saba, na beseni la nguo. Nilitaka mama arudi akute kazi yote imeisha, anisifu mbele ya wenzake. Basi nikatafuta kila kichafu nyumbani. Nikainua hata godoro la wazazi. Chini yake, upande wa papa, kulikuwa na kitambaa cha bluu kimekunjwa kikawa kidogo, na jembe jeupe limechorwa katikati. Nilidhani ni fulari ya mama ya kufunga kichwani. Nikakifua vizuri. Nikaanika cha kijani juu ya ua, uso juu, kama nilivyofundishwa. Na kando yake, penye jua, nikatandika cha bluu. Vilipendeza. Nilirudi nyuma hatua mbili kuviangalia.

Shefu alisimama barabarani. Hakuingia haraka kama kawaida yake. Aliangalia ua, akafungua kijidaftari, akakifunga tena. Mama alikuwa anapanda na wamama wanne wa animasio, bado wanacheka. Nyuma yao, kwenye njia ndogo, papa alikuwa anarudi, mwiko wa kujengea mukononi. Nilimuona papa anaona kile kitambaa. Uso wake ukawa kama saruji iliyokauka. Ndipo nilijua nimefanya jambo, bila kujua ni jambo gani.

"Maman," shefu alisema polepole, "hii iko ya nani?"

Mama hakuwa amekiona kile kitambaa hata siku moja. Hilo nililijua baadaye. Aliangalia jembe, akamuangalia papa mara moja tu, halafu akaniangalia mimi na mikono yangu yenye povu. Pumzi moja, si zaidi.

"Ya mutoto, shefu. Ni lanje."

"Lanje? Ya kufunga matako?"

"Sasa lanje wanafunga wapi kwenu?"

Mama mumoja alicheka, akajifunika mudomo. Shefu hakucheka.

"Kuna watu wanafanya parti yao ya siri," alisema. "Wako na drapo yao, bendera ya jembe. Nimeambiwa wanakutana Nguba. Bwana yako anafanya kazi wapi tena?"

"Shefu, mimi niliokota kitambaa Nyawera, penye wanamwaga takataka. Mutoto huyu anakunya mara tano kwa siku. Wewe ungeniletea kitambaa? Ungenifulia?"

"Basi umufunge."

"Kingali na maji."

"Umufunge tu, maman. Tuone."

Mama alichukua kitambaa kwenye ua. Alikaa chini, akamulaza mudogo wangu kwenye mapaja, akamufunga ile bluu yenye maji, jembe likaja pale hasa, katikati ya matako. Mutoto alilia kwa baridi. Papa alikuwa amesimama, mwiko mukononi. Wale wamama walisogeleana. Nilisikia tu kuku na mutoto.

Halafu mudogo wangu akanyamaza, akakaza uso, ukawa mwekundu. Unajua mutoto akikaza uso hivyo. Mavi yakajaza drapo, yakatoka pembeni, yakateleza hadi kwenye mapaja ya mama.

"Unaona, shefu?" mama alisema. "Kila kitambaa na kazi yake."

Hapo shefu alicheka. Alicheka hadi akashika tumbo, kofia ikaanguka. "Maman, wewe uko mwana-parti wa kweli! Hawa wapinzani, hapo ndipo nafasi yao!" Akajipangusa macho, akamugeukia papa, na kicheko kikaisha kama mutu amezima redio. "Na wewe, papa, unasema nini?"

Papa alimuangalia mutoto.

"Nasema mutoto anasikia baridi."

Shefu akaondoka.

Jioni tulikula bugali na sambaza, na hakuna aliyeangalia mwingine. Mama hakunipiga. Alimusemesha papa tu baada ya kuosha sahani.

"Ungeniambia."

"Ungekataa," papa alijibu.

"Ningekataa, ndiyo. Halafu ningekificha vizuri kuliko wewe."

Na usidhani iliishia pale. Shefu alipita posho iliyofuata, na ile nyingine, na nyingine tena, akitafuta lanje kwa macho. Basi ililazimika iwe lanje ya kweli. Miezi na miezi mudogo wangu alivaa ile drapo, mimi nikaifua na kuianika mbele ya barabara, na papa akipita anaangalia upande mwingine. Posho moja drapo ilichelewa kukauka, tukaiacha ndani. Shefu alikaa ukumbini kwetu bila kuondoka hadi mama alipoileta. Kila nilipoisugua jembe lilififia kidogo, na mimi niliona kama ni papa ninayemusugua.

Halafu siku moja redio ilisema parti moja imeisha, kila mutu anaweza kuunda yake. Watu walibaki wameinamia redio kana kwamba itabadilisha maneno. Papa aliingia chumbani, akamufungua mutoto, akamuacha matako wazi, akateremuka Nyawera na ile drapo, ingali na harufu. Aliipeperusha huko mbele ya watu wote. Mama alisimama mulangoni akiangalia chini ya mulima hadi aliporudi. Alirudi bila sauti, amepayuka yote.

Sasa parti zikaota kama uyoga kisha mvua. Kulikuwa na za wanaotaka kila jimbo lijitawale, za watu wa kanisa, za wafanya biashara, za kabila moja lililojificha nyuma ya jina refu la Kifaransa. Kulikuwa na zile zilizozaliwa na serikali yenyewe ili zipinge wapinzani. Na zile tuliziita parti za tumbo: zinalala upinzani, zinaamka wizarani. Shefu wetu naye aliunda yake. Alikuja kwa mama, mara hii akapiga hodi.

"Maman, tunahitaji mutu wa kuchezesha wanawake."

"Parti yako iko na watu wangapi, shefu?"

"Kwa sasa tuko watatu. Mimi, bibi yangu na shemeji."

"Na bibi yako, ulimwambia?"

Mama hakucheza tena kwa parti yoyote. Alicheza kwenye ndoa, basi. Na parti ya papa? Iligawanyika. Jembe moja likaangalia kushoto, lingine kulia, na wale wa kulia wakaenda kula na wale waliotaka kutufunga. Papa alirudisha drapo kwa mama aiweke sandukuni. Alisema yeye alijenga musingi, waliokuja kulala ndani hakuwajua.

Wote wawili wamekwenda. Shefu pia, tulimulilia, amini usiamini. Mudogo wangu analima Nyangezi, na akinywa kidogo anajisifu kwamba alinyea parti kabla haijazaliwa. Ua wa miti haupo tena, kuna ukuta wa sima na vipande vya chupa juu. Baada ya ile redio, papa na wenzake walikuwa wanabishana kwetu jioni kuhusu bunge, kila mutu na parti yake, mikono yote katika sahani moja; bishano kama lile silisikii tena. Siku hizi tena watu wanaangalia nyuma kabla ya kusema.

Nilimueleza mujukuu yote haya. Akachukua kalamu na kuandika parti ya jembe, mara mbili.

Kesho yake nikafua vile vitambaa. Nikavianika kwenye waya mbele ya nyumba, cha kijani uso juu, cha bluu kando, penye barabara inaona. Halafu nikakaa mulangoni, na roho yangu, mwanamuke muzima mwenye wajukuu, ilipiga kama siku ile. Watu walipita. Waliangalia. Hakuna aliyesimama.

Mwishowe jirani, mama kijana mwenye mutoto mugongoni, akachungulia getini.

"Koko, vitambaa vile kama hauvitumii, unipatie nifunge huyu mutoto."

Nilicheka hadi machozi yakatoka, na hakujua juu ya nini.

"Cha kijani chukua," nikamuambia. "Cha bluu hapana. Hicho kilishafanya hiyo kazi."