Gitaa la Erasto na Kibanja cha Izigo

Siku ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakunipa bisibisi. Alinipa gitaa lililopakaa udongo, akasema, "Nusa."

Nikanusa. Lilinuka ndizi mbivu.

"Lilifukiwa kwenye shimo la ndizi za pombe," nikasema.

"Hilo hata mbwa analijua. Niambie kama Mjapani aliyelitengeneza alikuwa mwaminifu au alikuwa na haraka."

Vita vilikuwa vimeisha, lakini pale Miembeni, mjini Bukoba, bado kulikuwa na maduka yasiyo na milango. Nilikuwa na miaka kumi na saba na elimu ya darasa la nne, kwa hiyo msitegemee Kiswahili cha mwalimu hapa. Wanamuziki wa Bukoba, kabla ya kukimbia, waliyafukia magitaa yao ya umeme kwenye mashimo ya kuivishia ndizi, wakayafunika kwa majani ya migomba. Waliporudi waliyafukua na kutuletea. Karibu yote yalikuwa ya Kijapani, yaliyopitia Nairobi au Kampala. Ya Wazungu tuliyaona kwenye makava ya santuri tu.

Lile shimo ndilo lililonifundisha kazi. Gitaa la mti mzima lilitoka na madoa, ukalipangusa, likalia. La playwudi, yaani mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, lilifunguka kurasa kama daftari lililonyeshewa. Ila rangi ya juu ilikuwa ileile, nyekundu inayowaka, na swichi nyingi za kumpumbaza mnunuzi. Nyinyi mnaonunua magitaa ya zamani kwa kutazama picha kwenye simu, mnanunua rangi na swichi.

Fundi Mkuu alinifundisha hivi. Kwanza lengesha jicho kwenye shingo kama mtu anayelenga bunduki, uone kama imepinda. Kisha bonyeza uzi mwanzo wa shingo na mwisho wake, utazame nafasi iliyobaki katikati. Gonga kiwiliwili kwa kifundo cha kidole: mti mzima unaitika, playwudi inakohoa. Ukiwa bado na shaka, fungua skrubu nne za nyuma, utoe shingo, uchungulie tundu inamokaa. Humo rangi haifiki, na kiwanda hakiwezi kukuficha kitu.

"Na ukishaona," alisema, "sema ulichokiona. Fundi anayesema anachotumwa ni kuli."

Baada ya miaka michache nilihamia Muleba, kwenye ukumbi wa dansi wa Meneja Projestus. Nilitengeneza vyombo vya bendi, na siku za wikiendi nilipiga gitaa la pili. Gitaa la kwanza lilipigwa na Erasto wa Izigo, mtu wa utani asiyejua kununa. Lake alilitunza mwenyewe, mimi sikuwahi kulifungua. Wapigaji tulikuwa watano. Nimebaki mimi.

Ugonjwa ule, ambao sasa mnauita Ukimwi, mwanzoni tuliuita Juliana, tukidhani jina la kike litaupunguza ukali. Wanamuziki walipoanza kufa, Meneja Projestus aligundua biashara. Wajane walileta magitaa ya waume zao, yeye ananiita mbele yao: "Fundi, hili likoje?" Kabla hawajaingia ameshaninong'oneza, "Sema ni kuni." Mara mbili nilisema ni kuni, akayanunua kwa bei ya kutupa, na yote mawili yalikuwa ya mti mzima. Namtaja Projestus kwa jina kwa sababu hakuona aibu. Mimi pia nitajeni, mdomo ulikuwa wangu.

Kisha akafa Erasto. Aliacha mke, Adventina, na mabinti wawili wadogo. Kwa desturi ya kwetu wakati ule, mjane asiye na mtoto wa kiume hakuwa na nguvu juu ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Kaka wa marehemu, Sospeter, karani wa kupima kahawa, alikitaka kibanja. Gitaa pia alilitaka.

Ukoo ulikutana Izigo. Mwenyekiti alikuwa Ta Ishengoma, "Ta" kwetu ni baba kwa heshima, mzee aliyetoka kijiji cha Kaagya. Alikuwa ameamua hivi: Sospeter atapata fungu moja tu. Gitaa likiwa ni mali, ndilo fungu lake, na mjane atabaki na kibanja. Likiwa takataka, Sospeter atachukua kibanja, na Adventina arudi kwao na watoto wake.

Meneja alinituma nikakague. "Sospeter ni mtu wangu," alisema. "Unajua la kusema."

Adventina alinisubiri njiani kabla sijaingia uani. Alikuwa amekonda, shuka jeusi likimning'inia.

"Shemeji, wewe ulipiga naye. Usiniulie watoto."

"Nitasema nitakachokiona."

"Basi uone vizuri."

Nikakaa katikati ya wazee, gitaa mapajani. Shingo ilikuwa imenyooka. Nikagonga kiwiliwili. Kikakohoa. Nikagonga tena, polepole zaidi, kama mtu anayeomba msamaha. Kikakohoa vilevile.

"Fungua shingo waone!" Sospeter akasema. Projestus, aliyemuuzia Erasto gitaa lile, alikuwa amemwambia kilichomo.

Nikafungua skrubu. Ndani ya tundu kulikuwa na mistari mitano, mweupe, mweusi, mweupe.

"Mnaona? Playwudi hiyo! Hata si mti! Nimeachiwa kuni mimi?"

Ta Ishengoma akavaa miwani, akakwaruza ndani kwa ukucha. Akamgeukia bibi mmoja wa ukoo.

"Ma, nyumba ya msonge ya baba yao iliezekwa tabaka ngapi?"

"Nyingi, waitu," bibi akajibu kwa heshima.

"Na ya tabaka moja?"

"Hiyo si inakuvujia kitandani!" Watu wakacheka.

"Fundi, kazi hii ya kubandika, mtu anaweza kuifanya nyumbani kwake?"

"Hawezi, Ta. Inataka mashine ya kukandamiza."

"Linalia?"

"Linalia."

"Muulize kama ni zuri!" Sospeter alikuwa amesimama. "Muulize hilo moja!"

Mzee akavua miwani. "Fundi, ni zuri?"

Nyuma yake Adventina alikuwa amewashika wale mabinti mikono, mmoja huku, mmoja huku. Fundi Mkuu angenitemea mate.

"Ni zuri," nikasema. "Ni zuri sana."

Kikao kikafungwa. Sospeter alipewa gitaa lake mikononi, akalishika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Ta Ishengoma akanisindikiza hadi barabarani, taratibu, na fimbo yake.

"Playwudi nzuri ile," akasema. "Ninayoipata mimi inaachana kabla hatujafika kaburini."

Nikasimama.

"Mimi ni seremala, kijana, playwudi naijua kabla hujaigonga. Siku hizi napigilia masanduku tu, nayavika kitambaa mtu asione mbao. La Erasto nimelipigilia mimi. Nenda zako kabla Sospeter hajakuita."

Projestus alinifukuza wiki ileile. "Umeniuza," alisema. Nikarudi Bukoba nikatengeneza redio na magitaa mpaka vidole vilipoanza kufa ganzi, nikaacha kabla sijazeeka. Projestus alizikwa kwa hotuba nyingi, mimi sikwenda. Sospeter yupo, na akiniona anavuka barabara.

Huwa najiuliza kama kazi niliiheshimu au niliichafua. Nimekagua magitaa mengi, na sijui jibu. Juzijuzi binti mdogo wa Erasto ameolewa, na sherehe ilifanyika Izigo, katika ua uleule. Nilifika mapema, nikachukua kiti nyuma, penye watu wa mbali. Adventina, sasa mvi tupu, akaja moja kwa moja mpaka nilipo.

"Shemeji, huku ni kwa wageni. Njoo ukae na wa nyumbani."

Nikainuka, nikakibeba kiti changu.