Sauti ya Fundi Mezani

Kinyozi hajinyoi, wanasema, na fundi wa kompyuta aliyepooza hafungui hata skrubu moja. Mwanamke huyu alikuwa fundi, tena fundi hasa. Miaka nenda miaka rudi alikaa nyuma ya meza ya duka la matengenezo, bisibisi sikioni kama kalamu ya karani, na wateja wakamwita Fundi mpaka jina lake la nyumbani likasahaulika. Kisha kiharusi kikamwangusha. Kilimwachia akili yote, masikio na macho. Mdomo na viungo vikaenda.

Alichobaki nacho ni kompyuta kando ya kitanda. Kamera ndogo chini ya skrini ilifuata macho yake: akiikazia herufi, inaandikwa, akimaliza, mashine inayasoma maneno kwa sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake. Shida ni kwamba kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Kumbukumbu yake, ile RAM, ilikuwa ndogo, basi iliwaza kama mtu aliyeamshwa usingizini. Feni ya kupozea prosesa, ule ubongo wa mashine, nayo ilikuwa imechoka, inanguruma usiku na mchana, na joto likizidi mashine inajizima katikati ya sentensi. Hebu jaribu kugombana na mume kwa mtindo huo.

Mume mwenyewe alikuwa kinyozi. Mtu mwema, mcheshi, mikono laini, lakini kwenye vitu vya umeme alikuwa mbumbumbu wa kutupwa. Ndoa yao nzima kazi yake ilikuwa kumshikia mkewe tochi. Sasa ufundi ukamwangukia yeye. Fundi alimwandikia, herufi kwa herufi, vitu vya kununua: RAM ya aina fulani, na feni fupi, kwa sababu kasha lao lilikuwa jembamba. Kinyozi akaenda dukani, akarudi na RAM, na feni ndefu kama mnara, yenye taa za rangi.

"Muuzaji kaniambia hii haina kelele kabisa," alisema, kaipakata kama mtoto mchanga. "Utalala, mke wangu. Unadhani sikuoni usivyolala?"

Hapo Fundi angeweza kuandika RUDISHA, mambo yakaisha. Lakini alimtazama usoni, akaona furaha ilivyomjaa, moyo ukamlegea. Feni ingeingia, ila kifuniko cha kasha kisingefunga, na hilo si neno. Akaandika: NZURI. ANZA NA RAM, FENI ITAZIBA NJIA. Mashine ikasoma. Kinyozi akacheka, akazima umeme, akaibeba sauti ya mkewe mpaka mezani penye dirisha, akaanza kuifungua skrubu. Kuanzia hapo Fundi alibakiwa na kope tu: kufumba mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kinyozi aliing'oa feni ya zamani, akaifuta prosesa kwa pamba na spiriti, taratibu, kama anavyofuta shingo ya mteja. Akapaka grisi mpya ya kupozea.

"Kumbe ni povu la ndevu tu hili," alisema.

Kisha akaichukua feni mpya, akaigeuza, na jua la dirishani likametameta chini yake. Fundi akaona. Nailoni! Ile karatasi laini ya nailoni inayolinda chuma kinachokaa juu ya prosesa, huyu bwana hakuibandua. Ikibaki pale, joto halipati pa kupita, na mashine itazima haraka kuliko zamani.

Akafumba macho: hapana, hapana, hapana. Kinyozi akainua kichwa.

"Maji?"

Mara mbili.

"Unaumwa?"

Mara mbili.

"Mto umekukaa vibaya?"

Mara mbili, na jasho likaanza kumtoka.

"Aa, nimejua! Muda wa kukugeuza umepita. Nisamehe, mama, kazi imeninogea."

Akanawa mikono, akaja, akamgeuza kwa upole wote aliofundishwa na muuguzi, asije akapata vidonda vya mgongo. Akamlaza ubavu, uso ukutani.

Basi Fundi akabaki kusikiliza. Angekuwa na mkono, angemrushia kiatu. Alisikia feni ikikazwa, skrubu moja baada ya nyingine, na mtu akipiga mluzi. Halafu mluzi ukakatika, kukaja kuguna: kinyozi alikuwa amesahau kuanza na RAM, sasa anaipenyeza chini ya feni kwa nguvu. Ikalia ta! upande mmoja tu. Akawasha, mashine ikapiga kelele za kulalamika. Akasukuma tena, ta! ya pili ikasikika. Hilo moja alilibahatisha.

Akairudisha mashine kando ya kitanda, akamgeuza mkewe aitazame skrini. Feni ilikuwa kimya kweli, muuzaji hakudanganya.

"Haya, Fundi wangu, sema neno!"

Herufi zilikuja upesi kuliko wakati wowote. Pembeni mwa skrini namba ya joto ilikuwa inapanda mbio. Fundi aliandika TOA, mashine ikalisoma, na skrini ikawa giza.

"Toa?" kinyozi alishangaa. "Toa nini? RAM?"

Mara mbili.

"Kamera? Waya huu?"

Mara mbili, mara mbili. Alitaja kila kilichokuwa mezani, hadi bisibisi na chupa ya spiriti. Feni hakuitaja. Aliichagua mwenyewe, kwa ajili ya usingizi wa mkewe, na haikumpitia akilini kwamba balaa linaweza kutoka huko. Kila alipowasha, skrini iliangaza kidogo ikazima kabla herufi hazijatokea. Mwishowe alikaa ukingoni mwa kitanda, vidole vimejaa grisi.

"Nimekuharibia sauti yako," alisema. "Umenikasirikia?"

Fundi alikuwa amekasirika kiasi cha kupasuka kifua. Alimtazama mumewe. Akafumba macho, akayafumbua, akayafumba tena.