Tela la Naila

Jirani yangu hapa Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, Salum, alikuwa na majivuno mawili: kwamba aliendesha lori la semi mpaka Lubumbashi bila kuangusha mzigo hata siku moja, na kwamba tela la mkewe Naila halitavunjika mpaka kiama. Hilo la pili lilikuwa kweli. Tela halikuvunjika. Vilivyovunjika ni vilivyokuwa ndani yake.

Lilikuwa jiko la kutembea: chumba cha bati juu ya magurudumu, rafu za vyombo, jiko la gesi, dirisha la kuuzia. Naila alipika, Salum akalivuta kwa pikapu kwenda minada ya ng'ombe huko Momba. Mimi Jenista nilikaa katikati yao, kwa kuwa nilimsaidia Naila kuosha na kugawa.

Fundi aliyelichomelea alishauri spring za pikapu. Salum alimcheka. Tunduma spea za malori zimezagaa kila kona, na dereva aliyezeeka kwenye semi haoni aibu kubwa kuliko kuonekana anavuta kitu kinachonesa. Akaleta spring za semi, nene, akajaza tairi upepo mpaka ukizigonga zinalia.

"Hivi ndivyo wanaume wanavyofunga," alisema.

Basi tukifika mnadani, Naila akifungua mlango, anakuta chupa ya chai imepasuka, nyanya zimepondeka, chumvi imeingia kwenye mchele. Na Salum, mbele ya wateja wote, anatangaza: "Huyu mwanamke hajui kupanga vyombo!" Watu wanacheka.  Safari inayofuata Naila anaongeza khanga, anafunga vikombe kimoja kimoja, mpaka kupakia kukawa kazi kubwa kuliko kupika.

Nilimwambia siku moja, "Naila, si wewe, ni barabara."

"Barabara hiyohiyo wanapita wengine na mayai," alinijibu. "Ni mimi, dada. Mikono yangu mizito."

Nilikasirika, lakini mbele ya Salum sikumtetea. Na mimi aibu yangu ninayo.

Halafu Mzee Ngassa, mfugaji mwenye makazi yake karibu na Chitete, alionja pilau ya Naila mnadani, akampa kazi ya harusi ya binti yake Tabita: chakula chote, na keki ya ngazi tatu ambayo bibi harusi angewakabidhi wakwe zake. Naila alikuwa amejifunza keki kwa rafiki yake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, lakini hakuna aliyewahi kumwamini na keki ya harusi.

"Ikifika nzima, Jenista, na mimi nitakuwa na jina," aliniambia.

Aliipakia katikati ya mito ya kitandani kwake. Tulipoiacha lami, Salum alikanyaga mafuta, maana alisema ukienda kasi mashimo huyasikii. Kweli sisi mbele hatukuyasikia.

Nyumbani kwa Mzee Ngassa mlango ulifunguliwa katikati ya vigelegele, na vigelegele vikakatika. Keki ilikuwa imetapakaa ukutani. Ngazi ya juu ilikuwa chini ya jiko la gesi. Kabla mtu hajauliza kitu, Salum akasema kwa sauti, "Miaka yote namwambia! Hajui kupanga."

Naila alipiga magoti mbele ya mama yake Tabita. "Mama, nisamehe. Ni mikono yangu." Yule mama alimwinua, akalitazama tela, akatazama na magurudumu yake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Pilau tuliipikia hapohapo, lakini sherehe ilikuwa uwanja wa shule, mwendo kidogo kwa njia ya mashamba, na masufuria yalihitaji mtu wa kuyashika. Naila akaanza kupanda ndani ya tela. Mzee Ngassa akamzuia.

"Wewe mama umechoka. Apande anayejua kupanga." Akamwomba Salum ufunguo, kwa heshima zote, akampa mpwa wake Sadock aendeshe. Mbele ya wazee wale Salum angekataaje? Alipanda, mlango ukafungwa.

Mbele tulisikia vishindo, kisha ngumi ukutani. Naila alitaka tusimame. Mimi nilimwambia Sadock tunachelewa, aongeze mwendo. Mungu anisamehe.

Uwanjani mlango ulifunguliwa mbele ya wageni wote. Salum alikuwa sakafuni amekumbatia sufuria, mdomo umechanika, kichwani pilau, shati zima limepakwa krimu ya keki. Walimcheka mpaka MC akashindwa kuendelea. Nami nilimsubiri awake kama kawaida yake. Hakuwaka. Alishuka, akaibonyeza tairi kwa kidole gumba, akainama kuziangalia zile spring, akakaa vilevile ameinama muda mrefu kuliko haja.

Hakuna dereva wa semi asiyejua kwamba tela tupu linaruka. Spring za mzigo mzito zikibebeshwa mzigo mwepesi hazikunjiki, zinarusha tu. Salum alilijua hilo kabla hajamuoa Naila.  Hakula, na kurudi aliendesha polepole mpaka baiskeli zikatupita.

Wiki ile alizing'oa spring za semi, akafunga za pikapu pamoja na shokapu. Akapunguza upepo. Pipa la maji lililokaa mkiani akalihamishia mbele ya magurudumu, tela lisitikise mkia. Alifanya yote bila kumweleza Naila sababu, naye akaendelea kupepeta mchele wake.

Mnada uliofuata Naila alifungua mlango, akasimama. Hakuna kilichovunjika. Nyanya zilikuwa nyanya. Aligusa chupa ya chai, akagusa vikombe ndani ya mafundo yake ya khanga, kisha akatugeukia na uso ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Leo nimepanga vizuri," alisema.

Nilimtazama Salum. Kunyamaza kungekuwa rahisi, na mke angebaki na furaha yake. Uso wake ulikunjamana kama wa mtoto aliyekamatwa jikoni. Wateja walewale waliozoea kumcheka Naila walikuwa wamesimama dirishani.

"Mama Aziz," alimwambia Naila, na sauti yake ikawafikia wote. "Hujawahi kupanga vibaya hata siku moja. Ni spring nilizofunga mimi."

Naila alimkazia macho. "Ulijua lini?"

Salum aliinamisha kichwa. "Tangu sijakuoa, najua tela tupu linaruka."

Hakuna aliyecheka. Naila aliingia ndani, akaanza kufungua mafundo, kikombe baada ya kikombe, bila kumtazama. Salum alisogea mlangoni akanyoosha mikono, Naila akawa anamwekea zile khanga moja juu ya nyingine, mpaka zikamfika kidevuni.